Ladha ya Newcastle Brown ukiwa Ohio: fuata kimea, rangi itakudanganya

SWALI: Habari za kazi, mtaalamu. Niliishi Newcastle, Uingereza, kuanzia 2011 hadi 2016, na huko nikaizoea Newcastle Brown Ale. Haikuwa chungu, ilikuwa na utamu wa mbali kama wa karanga za kukaanga. Sasa niko Columbus, Ohio. Nimenunua chupa yenye jina lilelile, ladha si ile. Muuza duka akanipa stauti, ile bia nyeusi, nikaona ni kahawa chungu. Akanipa bia nyingine ya kahawia, ya hapahapa Marekani, ikanukia maganda ya machungwa. Nitafute nini? – Msomaji, Columbus.

JIBU: Salama, ndugu yangu. Ulimi wako uko sawasawa. Tangu 2019 Newcastle inayouzwa Marekani ni bia nyingine: Heineken, wenye jina hilo, waliwakabidhi Lagunitas, kiwanda chao cha Marekani, nao wakaipika kwa mapishi mapya na hamira yao. Hata uliyokuwa ukiinywa Newcastle haikupikwa Newcastle. Ilizaliwa pale mwaka 1927 kwa mkono wa Kanali James Porter, lakini kufikia 2010 upishi ulikuwa umehamia Tadcaster, mji mdogo wa Yorkshire. Ukumbuke mji huo, tutaurudia.

Muuza duka wako alichagua kwa rangi, na hapo ndipo wengi wanapopotea. Bia inaweza kuwa na rangi ya kahawia kwa njia tatu, na ladha hutegemea njia.

Mimi nikipokea gunia la kimea, yaani nafaka iliyooteshwa kisha ikakaushwa, kabla sijatia saini karatasi ya mzigo, natafuna punje. Kimea cha kawaida cha shayiri, kile cheupe, kina ladha ya biskuti kavu. Kipo kingine ambacho hupashwa moto kingali na unyevu, wanga wake ukageuka sukari ndani ya ganda, kisha kikakaushwa kwa moto mkali zaidi. Punje yake ukiivunja kwa meno inang'aa kama kioo, na ulimini ni sukari guru. Wapishi hukiita kimea cha kristali. Cha tatu huchomwa kwenye pipa linalozunguka, kama kahawa, kwenye joto la zaidi ya nyuzi 200, mpaka kinakuwa kama kokoa iliyokolea. Hiki kikizidi kidogo tu, ladha nyingine zote zinafunikwa. Stauti nyingi hupata rangi kutoka kwenye moto wa namna hii, na Guinness wao huchoma shayiri ambayo haikuoteshwa kabisa. Ndiyo kahawa uliyoionja.

Anayetoka magharibi mwa Kenya na kuona busaa ikitengenezwa hahitaji maelezo marefu. Unga wa mahindi uliochachuka hukaangwa juu ya bati hadi uwe wa kahawia, ndipo uchanganywe na kimea cha ulezi. Ukitolewa kwenye moto mapema, busaa inapooza. Ukiungua, inakuwa chungu. Bia ya kahawia ya Kiingereza inakaa palepale katikati: kimea cheupe ndicho kingi, cha kristali kiasi, na cha kuchomwa ni cha kuonjesha tu. Ile karanga unayoikumbuka haimo chomboni, ni kazi ya moto kwenye punje.

Kimea cha kristali na cha kuchomwa ndizo njia mbili za kupata rangi. Ya tatu haina ladha ya kutaja: ni kutia rangi ya karameli. Newcastle yenyewe iliitumia kwa miaka mingi, hadi Heineken walipotangaza mwaka 2015 kwamba wanaiacha na kutumia kimea cha kuchoma. Kwa hiyo rangi ya bia yako ya zamani haikuwa inakueleza mengi kuhusu ladha yake.

Sasa yale maganda ya machungwa. Hayo ni hopsi, maua ya mmea wa kutambaa yanayoipa bia uchungu na harufu. Aina za Kiingereza hunukia udongo na majani makavu, tena kwa mbali. Aina nyingi za Marekani hunukia machungwa, balungi na utomvu wa msonobari, na wapishi wa huko wanazipenda hata kwenye bia zao za kahawia. Si kosa, ila si unachotafuta.

Jambo la mwisho ni hamira. Hamira za Kiingereza nyingi haziimalizi sukari yote, zinabakiza utamu kidogo, tena zinaacha harufu ya tunda lililoiva. Ndiyo maana bia mbili zenye kimea kilekile zinaweza kutoka tofauti: hamira moja imekula kila kitu ikaacha bia kavu, nyingine imebakiza.

Basi tuingie dukani. Cha kwanza kabisa ni Samuel Smith's Nut Brown Ale. Inatoka Tadcaster, mji uleule ilikopikwa Newcastle yako, kwenye kiwanda cha tangu 1758 ambacho bado kinachachua eli zake, yaani bia zisizochachuka kwenye baridi, ndani ya matangi ya mawe. Ina kilevi cha asilimia 5, Newcastle ilikuwa 4.7, kwa hiyo mwilini utaisikia karibu sawa. Ila ni nzito zaidi na karanga yake imekolea zaidi. Kwa maoni yangu ni bora kuliko uliyoizoea, lakini usishangae glasi ya kwanza ikikuelemea. Neno "Nut" hapo ni la rangi na ladha. Nalisisitiza kwa sababu zipo bia za kahawia za Marekani zinazotiwa kweli ladha ya njugu, vanila au kahawa. Mwenye mzio asome kibandiko chote, na wewe ziache tu, maana utamu wake ni wa kuongezwa.

Kati ya za Marekani, jaribu Moose Drool ya Big Sky, kutoka Missoula, Montana. Ni laini, hopsi zake hazipigi kelele. Jirani zako wa Michigan, Bell's, wana Best Brown, yenye asilimia 5.8, mara nyingi hutoka majira ya vuli, na ni kavu kidogo kuliko ya Kiingereza.

Ukikosa zote, nenda kwenye rafu ya Wajerumani uulize dunkel, bia ya kahawia ya Bavaria, kama Ayinger Altbairisch Dunkel au Hofbräu Dunkel. Hizi ni laga, zinachachuka kwenye baridi, kwa hiyo lile tunda la hamira hutalipata. Lakini kimea chao kinaleta ukoko wa mkate uliotoka tanuri sasa hivi, na uchungu ni mdogo. Watu wengi wanaolilia Newcastle nimewapa dunkel wakatulia.

Kwa bia usiyoijua, soma kipimo cha uchungu kinachoandikwa IBU. Kikiwa kati ya 20 na 30, na kilevi kati ya asilimia 4.5 na 5.5, uko mtaa wako. Ukiona majina ya hopsi za Marekani yameandikwa kwa herufi kubwa mbele ya kibandiko, rudisha.

Tazama pia chupa. Mwanga wa jua na wa taa za dukani huvunja kemikali za hopsi, na bia inaanza kunuka kicheche. Chupa nyeupe haina kinga yoyote, ya kijani ina kinga kidogo, ya kahawia ndiyo ngao. Newcastle ilijulikana kwa chupa nyeupe, na huenda chupa yako ilikaa dirishani muda mrefu pamoja na kubadilishwa mapishi. Ukinunua bia ya chupa nyeupe, omba iliyofungwa ndani ya boksi.

Na ukifika nyumbani, achana na swali letu la baa, "ya baridi au ya moto?" Hii inataka katikati, nyuzi 10 hadi 13. Itoe kwenye friji, iache mezani dakika 20, uimimine kwenye glasi, usinywee chupani. Nusa mara ya kwanza ikiwa ya baridi, utapata karibu hakuna kitu. Nusa tena baada ya robo saa, karanga zitakuwa zimefika.