Barua kwa mwanangu anayetaka kusomea akupancha

Mwanangu mpenzi,

Assalamu alaikum. Umeniuliza kama ni busara mtu mwenye ajira ya fiziotherapia kuiacha, aende China kusomea akupancha, ile tiba ya Kichina ya kuchoma sindano, na kama kazi hiyo itakulisha ukirudi Dar es Salaam. Mimi nasema nenda, lakini leseni yako ya fiziotherapia usiiachie ikafa.

Kwetu Unguja tiba hii si ngeni. Madaktari wa Jimbo la Jiangsu wanakuja kwa zamu tangu miaka ya 1960, hospitali ya Mnazi Mmoja na kule Mkoani, Pemba. Katika uuguzi wangu nimewaona wanaochoma sindano wakifanya kazi, na kilichonivutia ni utulivu wao. Sindano yenyewe ina unene wa kama robo milimita. Ikishaingia, tabibu huisokota taratibu huku akimuuliza mgonjwa anahisi nini: uzito, ganzi, au kama anavutwa ndani. Hisia hiyo Wachina huiita deqi, na wao hawaridhiki mpaka ipatikane. Kisha mgonjwa hulala nusu saa hivi.

Pointi, yaani sehemu za mwili zinazochomwa, zilizoorodheshwa na Shirika la Afya Duniani ni 361. Kuzihifadhi utaweza. Kazi iko kwenye kina. Pointi ya Jianjing, juu ya bega, ina ncha ya pafu chini yake. Sindano ikizidi kina, hewa inaingia kifuani na mgonjwa anashindwa kupumua. Anatomia unayo tayari, na ndiyo maana nakuamini na kazi hii kuliko ningemwamini mtu aliyesoma kozi ya wiki mbili.

Sasa kuna jambo nataka ulijue kabla hujalipa ada. Mwaka 2007 Wajerumani walitoa matokeo ya utafiti wa wagonjwa 1,162 wenye maumivu sugu ya kiuno. Baada ya miezi sita, waliopata nafuu kwa akupancha ya Kichina walikuwa asilimia 47.6. Waliochomwa juujuu mahali pasipo na pointi, asilimia 44.2. Waliopewa dawa, mazoezi na fiziotherapia, yaani kazi yako ya leo, asilimia 27.4. Zisome tena hizo namba, mwanangu. Sindano imesaidia watu, lakini kuchoma hasa kwenye pointi hakukuongeza kitu kikubwa. Wapo watakaokwambia basi yote ni uongo. Mimi sikubali, maana mtu aliyelala usiku kwa mara ya kwanza baada ya miezi amepata kitu cha kweli. Ila nataka uwe tabibu anayeweza kumweleza mgonjwa habari hiyo bila kuona haya. Uingereza, NICE, taasisi yao inayotoa miongozo ya tiba, iliikubali mwaka 2012 kwa kuzuia kipandauso, ikaikataa mwaka 2016 kwa maumivu ya kiuno. Kwa kichefuchefu baada ya upasuaji, pointi ya Neiguan, pale ndani juu ya kifundo cha mkono, ina ushahidi mzuri.

Kaa kwenye yale yenye ushahidi. Mabango yanayoahidi kuponya sukari, presha na kansa yananiumiza roho, kwa sababu nimewapokea wodini waliochelewa kwa kuyaamini. Na akija mtu mdomo umepinda na mkono umelegea ghafla, weka sindano chini, tafuta gari la kumpeleka hospitali.

Kuhusu riziki: shahada ya China ni miaka mitano, na lugha nayo inataka muda wake, na huo ni muda mrefu bila mshahara. Ukirudi, Sheria Na. 23 ya 2002 inakutaka usajiliwe na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala. Wagonjwa wengi watalipa mfukoni, na tiba hii hurudiwa wiki hadi wiki, kwa hiyo wengine watakatika njiani mwezi ukiwa katikati. Hapo fiziotherapia ndiyo italipa kodi ya chumba. Hata mwezi ukiwa mgumu vipi, sindano ni ya mtu mmoja, mara moja, kisha kwenye boksi la vyenye ncha kali. Homa ya ini haingoji.

Nenda kwanza ofisi za Baraza ukaulize kwa maandishi kama chuo unachokitaka wanakitambua. Wakikujibu ndiyo, gharama ya kutafsiri vyeti na ya pasipoti nitatoa mimi.

Mama yako