Dai Lisizidi Ulichofundisha: Kwa Wanaoanza Kuandika Hataza za Bioteknolojia

Ninyi mnaoanza kuandaa maombi ya hataza za bioteknolojia Marekani, yaani haki za kisheria za kulinda uvumbuzi, msianze na madai, zile sentensi zinazotaja mipaka ya ulinzi mnaouomba. Anzeni na daftari la maabara. Ulizeni ni nini hasa kilichotengenezwa, kikapimwa, kikafanya kazi. Upana wa madai uje baadaye.

Kifungu cha 112 cha sheria ya hataza kinataka maelezo yamwezeshe mtu mwenye ujuzi wa kawaida wa fani kuutengeneza na kuutumia uvumbuzi. Majaribio kiasi yanaruhusiwa, mradi yasipite mipaka. Katika shauri la Wands la 1988, mahakama ya rufaa ilikubali kwamba kuchuja seli kutafuta kingamwili ni kazi ya kawaida katika fani hiyo, ikataja mambo 8 ya kuzingatia, yakiwemo mifano iliyotolewa, upana wa dai na kutabirika kwa fani. Hilo la kutabirika ndilo linalotubana sisi wa baiolojia. Ukibadilisha amino asidi moja tu, yaani kimoja cha viungo vinavyojenga protini, protini inaweza kuacha kushika shabaha yake, na hutajua mpaka upime.

Kisha someni kwa utulivu shauri la 2023 la Amgen dhidi ya Sanofi, kampuni mbili za dawa. Amgen ilionyesha mfuatano wa amino asidi wa kingamwili 26, ikadai zote zinazoshika sehemu fulani ya protini ya PCSK9 na kuizuia isifike kwenye vipokezi vya LDL, yaani kolesteroli mbaya. Nyingine zingepatikanaje? Tengeneza, pima, chagua. Au badilisha amino asidi kwa inayofanana nayo, upime tena. Majaji wote 9 wa Mahakama ya Juu ya Marekani walikataa, na naamini walitenda haki: msomaji alikuwa anaachiwa utafiti aufanye mwenyewe.

Kwa hiyo mkikaa na mwanasayansi, mwulizeni: hizi zinazofanya kazi zina nini ambacho zilizoshindwa hazina? Akiwa na jibu, liandikeni kwa kina pamoja na vipimo vyake, hata vya zile zilizoshindwa. Asipokuwa nalo, punguzeni dai hadi kwenye mifuatano yenyewe na inayokaribiana nayo sana. Mteja atanung'unika. Mwambieni mapema hata hivyo, maana maombi yakishawasilishwa hamwezi kuyaongezea jambo jipya.

Seli au kijidudu kisichoelezeka kwa maandishi peke yake kiwekwe kwenye hifadhi inayotambuliwa na Mkataba wa Budapest wa 1977. Hifadhi moja inakubalika katika nchi zote wanachama. Kama mnawaza pia kuomba Ulaya, sampuli iwe imeshafika kwenye hifadhi hiyo kabla hamjawasilisha maombi.