Impakti na puli ya supachaja: itumie kufungulia tu

Ndugu, umeuliza kama unaweza kutoa puli (gurudumu la mkanda) ya supachaja, ile pampu inayosukuma hewa zaidi kwenye injini, kwa impakti, yaani spana ya mashine inayopigapiga huku ikizungusha. Kwanza tazama puli yako imeshikwa na nini. Kama ni bolti, impakti inafaa kuilegeza, ila tumia soketi nyeusi za impakti. Zile za kung'aa zinaweza kupasuka na vipande vikaruka usoni. Vaa miwani na vizuia kelele.

Puli nyingi lakini zimeshindiliwa kwenye shafti. Hapo unahitaji pula, yaani kifaa cha kuvutia puli nje, iliyotengenezwa kwa puli ya aina hiyo, na skrubu yake uipake grisi. Mimi naizungusha kwa spana ya mkono, polepole. Kila pigo la impakti linapita kwenye shafti hadi kwenye beringi, na nyuma yake kuna rota, sehemu za ndani za supachaja zinazosukuma hewa, zinazozunguka karibu mno bila kugusana. Ukiharibu hapo, supachaja nzima inafunguliwa. Usiibandue puli kwa bisibisi wala nyundo, tafadhali.

Kukaza? Impakti weka kando kabisa. Kaza bolti kwa spana ya kupimia mkazo, kwa kipimo cha mtengenezaji. Injini iwe imepoa, betri imechomolewa na mkanda umetolewa kabla hujaanza.