Mwacheni na gazeti lake

Mhariri, swali lenu la wiki hii lilikuwa: mradi anaoubuni mtoto mwenyewe nyumbani una faida yoyote ya kielimu, au ni ujanja wa kukwepa kudurusu? Faida ipo, tena kubwa, ila hudumu pale tu mradi unapobaki wa mtoto. Wa kuuharibu huwa ni sisi wazazi.

Binti yangu yuko Gredi ya Tano. Tangu likizo ya Agosti anatoa gazeti la ploti yetu hapa Umoja. Hakuna mwalimu aliyemwagiza. Karatasi anachana kwenye madaftari ya mwaka jana, na habari anaziokota ngazini: maji yatafunguliwa lini, paka wa nani kazaa, nani kahama usiku. (Hiyo ya mwisho niliiondoa. Alinuna, akaniita serikali.)

Toleo la kwanza lilikuwa karatasi moja tu. Kasheshe ilianza alipotaka kurasa 8. Alichukua karatasi mbili, akaandika ukurasa wa 1 na wa 2 ubavu kwa ubavu, 3 na 4 vivyo hivyo, na alipopachika na kukunja, habari ya paka ikarukia kwenye maji. Akaketi sakafuni, akakunja kijigazeti kitupu, akakiandika namba peke yake, kisha akakifumua aone kila namba imeangukia wapi. 8 ilikaa na 1, 2 na 7, 6 na 3, 4 na 5. Akaja mbio jikoni: "Mum, zote zinafanya 9!" Nilikuwa nasonga ugali, nikamuuliza zikiwa kurasa 12 je? Akatokomea. Baadaye sauti ikatoka chini ya meza: "13!" Wachapaji wa vitabu hupanga kurasa kwa kanuni hiyohiyo, na yeye aliifikia kwa sababu paka wake walikuwa wamekatwa vipande.

Somo la pili lilikuja kwa ukali zaidi. Aliandika kwamba maji yangefunguliwa Alhamisi, jirani wa juu akaloweka blanketi, mifereji ikakauka hadi Jumamosi. Alisemwa vilivyo. Siku hizi haandiki habari ya maji kabla ya kuuliza watu wawili. Mimi nimemwambia mara ngapi asisambaze ya kusikia!

Sasa, mtaala wa umilisi ulioanza kote nchini Januari 2019 unataja ubunifu na kujifunza jinsi ya kujifunza kati ya umilisi saba wa msingi. Hapo sina ugomvi. Ugomvi wangu ni mradi wa shule unaotajwa saa mbili usiku: mama anakimbilia saiba kuchapisha picha, baba anakata katoni, mtoto amelala. Asubuhi kinabebwa kitu kinachopendeza, na aliyejifunza kukata katoni ni baba.

Tunauharibu pia kwa zawadi. Mwaka 1973 Mark Lepper, David Greene na Richard Nisbett walichapisha utafiti walioufanya katika chekechea ya Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, kwa watoto waliopenda kuchora kwa kalamu za rangi. Baadhi waliahidiwa cheti wakichora, wengine walipewa bila kutarajia, wengine hawakupewa kitu. Baadaye, wakati wa kucheza watakavyo, wale walioahidiwa walizishika kalamu zile kwa muda mfupi kuliko wenzao. Ndiyo maana mjomba wake alipotaka kumlipa kwa kila toleo nilimwomba anunue nakala yake kama majirani, na akiona imechosha asinunue.

Kuhusu kudurusu: ndiyo, gazeti linakula muda. Kwetu kazi ya shule hutangulia, basi. Makosa ya tahajia siyagusi; watoto wa ploti humcheka bila huruma, naye hurekebisha. Wala haihitaji nyumba kubwa. Sisi tuna vyumba viwili, "ofisi" yake ni chini ya meza, na kila mtu anajua hapo hapafagiliwi bila ruhusa.

Kwa sasa anadai stepla ya mkono mrefu, kwa kuwa yangu haifiki katikati ya karatasi. Sijainunua. Ameanza kushona kurasa kwa sindano na uzi, na toleo lililoshonwa, nakubali, halichomoki kama yale ya kwanza.

Msomaji, Umoja, Nairobi