Paka ameshiba, mbona bado analeta panya?

SWALI: Daktari, habari za kazi. Niko Ujiji, nauza dagaa wakavu. Nina paka jike anaitwa Chausiku, ana kama miaka miwili. Nampa ugali na dagaa asubuhi na jioni na sahani anailamba mpaka inang'aa. Lakini karibu kila alfajiri nakuta panya amekufa mlangoni, siku nyingine mjusi, na mara mbili nimemkuta panya ndani ya kiatu changu. Wiki iliyopita aliingia na panya mzima mdomoni huku analia sauti ya ajabu, akamwachia katikati ya chumba, panya akakimbilia chini ya kitanda. Mama mkwe anasema paka akishiba hawindi, kwa hiyo huyu ama ana njaa ama ametumwa. Jirani anasema ni zawadi, ananishukuru kwa kumlea. Mume wangu yeye anataka tumnyime chakula ili amalize panya wa stoo. Alizaa mwezi mmoja uliopita, watoto tumeshawagawa wote. Nani yuko sahihi?
Msomaji, Ujiji

JIBU: Nzuri, dada yangu. Katika hao watatu hakuna aliyelenga sawasawa, ingawa jirani yako amekosea kwa namna ya kupendeza zaidi.

Nianze na mama mkwe, maana usemi wake nausikia Kigoma nzima, kuanzia Mwanga hadi Kibirizi. Kwa paka, kuwinda na kula ni vitu viwili vinavyoendeshwa mbalimbali ndani ya kichwa kimoja. Kuna jaribio lililochapishwa mwaka 1976: paka waliwekewa chakula wanachokipenda sana, na wakiwa katikati ya kula wakaachiwa panya. Waliacha sahani, wakamuua panya, wakambeba mpaka kwenye sahani, kisha wakaendelea na kile chakula cha kwanza. Njaa inamfanya paka ahangaike zaidi na kuthubutu kukamata mnyama mkubwa zaidi, hilo kweli. Ila kinachomwamsha ni ule mchakacho mdogo nyuma ya gunia, na mchakacho hausubiri tumbo liwe tupu.

Ukipiga hesabu utaona kwa nini ameumbwa hivyo. Panya mdogo wa nyumbani anampa paka kama kalori 30. Paka mzima wa kawaida anahitaji kama 250 kwa siku. Hao ni panya wanane, na safari nyingi za mawindo huishia patupu. Paka anayengoja njaa imkamate ndipo atoke, atalala na njaa hiyo. Anayedaka kila kinachopita ndiye aliyeacha watoto, na Chausiku ni mjukuu wa mjukuu wao.

Ukoo wao si wa mbali na sisi. Uchunguzi wa vinasaba uliotolewa mwaka 2007 ulionyesha kwamba paka wote wa nyumbani wametokana na paka pori, Felis lybica, yule ambaye hadi leo yupo kwenye mapori yetu: miguu mirefu kidogo, nyuma ya masikio kuna wekundu. Wale wa kwanza kukaa na watu walikuwa Mashariki ya Kati, walipoanza wakulima kuweka nafaka ghalani na panya wakafuata. Kisiwani Cyprus kuna kaburi la miaka kama 9,500 ambamo mtu amezikwa na paka pembeni yake. Mbwa tulimchagua na kumfinyanga kwa kazi zetu. Paka alikuja mwenyewe kwa sababu ya panya, tukamwacha abaki kwa sababu hiyo hiyo, na hakuna aliyejishughulisha kumwondolea uwindaji.

Sasa kwa nini alete nyumbani? Hapa ndipo jirani anapoteleza. Mwaka 2013 watafiti wa jimbo la Georgia, Marekani, walitoa matokeo ya paka waliofungwa kamera ndogo shingoni. Katika kila wanyama 100 walionaswa, kama 49 waliachwa pale pale walipouawa, 28 waliliwa, na 23 tu ndio waliopelekwa nyumbani. Kazi kama hiyo ilifanyika Cape Town, huko waliofika nyumbani walikuwa 18 kwa mia. Kwa hiyo panya mmoja mlangoni kwako huenda ana wenzake watatu au wanne ambao hukuwaona. Kama ni zawadi, basi nyingi anaziacha njiani!

Paka akishaua yuko kwenye hatari. Mdomo umejaa, macho yake hayaoni vizuri kitu kilicho karibu kuliko sentimita 25 hivi, na mbwa au dume la mtaani akitokea, atanyang'anywa. Hivyo anabeba nyama yake kuipeleka anapojisikia salama. Kwako wewe ni kibaraza. Akifika, ile hamu ya kukimbiza imeshapoa, harufu ya dagaa inatoka jikoni, na panya wa vumbi hana ushindani tena. Anamwachia hapo, anaingia ndani. Wewe ukiamka unadhani umepelekewa kitu. Kiatu nacho ni hivyo hivyo kwa maoni yangu: kinanukia wewe, na harufu yako ndiyo harufu ya nyumbani.

Nadokeza jambo moja la pembeni. Ukikuta kirukanjia amekufa hana hata jeraha la kuliwa, usishangae. Ana tezi zinazotoa harufu kali, paka humuua kwa kumdhania panya kisha humtema. Wazee wanasema kirukanjia akivuka njia hufa. Mimi nashuku wengi wa wale tunaowakuta wamekauka njiani waliachwa na paka aliyepita usiku.

Yule panya mzima na ile sauti ni habari nyingine, na ndiyo maana nimefurahi ulipotaja kwamba amezaa. Watoto wakifika kama wiki nne, mama huanza kuwaletea nyama iliyokufa. Baadaye huleta panya aliye hai, anamwachia mbele yao, na anawaita kwa sauti nzito inayotoka mdomo ukiwa umeziba. Akitoroka, mama anamrudisha. Hilo ndilo darasa lenyewe. Chausiku ana darasa tayari, wanafunzi mmewagawa, akabaki na wewe na chumba. Sisemi anakuona wewe kitoto cha paka. Madume nayo huleta panya, hata waliohasiwa, kwa hiyo ulezi haujibu kila kitu. Lakini kwa paka aliyenyang'anywa watoto mwezi huu, sauti ile mimi naitafsiri hivyo. Na mkimwacha azae tena, watoto wakae naye angalau wiki nane. Mwezi mmoja ni mapema mno.

Kuhusu kutumwa, mimi ni daktari wa mifugo, si mganga, na siingii kati yako na mama mkwe. Naweza kusema tu kwamba paka wa shehe, wa padri na wangu mwenyewe wote hufanya hivyo.

Sasa baba mwenye nyumba. Naomba asimnyime. Paka mwenye njaa habaki stoo kuvizia, anaenda mbali: vifaranga vya jirani, vichanja vya dagaa ufukweni, jalala. Na huko ndiko anakokutana na panya aliyekula sumu. Niliwahi kuletewa paka wa hivyo, fizi nyeupe kama karatasi, damu inachuruzika puani. Sumu nyingi za panya huzuia damu isigande, na dalili hazitokei siku hiyo hiyo, huchukua siku kadhaa. Yule tulimwahi kwa vitamini K, akaendelea kuipata kwa wiki kadhaa. Wengi huletwa wakiwa wameshapoa. Kama stoo yenu ina sumu, iondoeni leo, kwa sababu sumu na paka havikai nyumba moja.

Badala ya kupunguza chakula, badilisha kilichomo. Ugali unajaza tumbo tu. Paka ni mla nyama kwa maumbile, anahitaji taurini, ambayo iko kwenye nyama na samaki na haipo kwenye mahindi. Akiikosa muda mrefu macho hufa na moyo hulegea. Dagaa wawe wengi kuliko ugali, wasiwe na chumvi, na mara moja moja vipande vya maini au moyo wa kuku. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Exeter, Uingereza, mwaka 2021, uliona kwamba paka waliopewa chakula chenye nyama nyingi walipunguza wanyama wanaowaleta nyumbani kwa asilimia 36, na waliochezeshwa dakika 5 hadi 10 kwa siku walipunguza kwa 25. Kengele shingoni haikuonyesha tofauti ya maana. Mumeo akisoma hapa atasema, "Basi apewe ugali mtupu awinde zaidi." Nimeshamwambia habari ya macho.

Na asitegemee paka amalize panya wa stoo. Panya shamba jike ana chuchu hadi 24, nazo hazikuwekwa kwa urembo, anaweza kuzaa zaidi ya kumi kwa mkupuo. Inueni magunia yakae juu ya chaga, mbali na ukuta, mzibe matundu. Paka atawasaidia kwa waliobaki.

Mizoga usiishike kwa mkono. Chukua koleo, ifukie au itumbukize chooni, kisha nawa kwa sabuni. Kwa kula panya paka hupata tegu, na pia kimelea cha toksoplasma ambacho ni hatari kwa mimba. Ukiwa mjamzito, kinyesi chake kizolewe na mtu mwingine, tena kila siku, kwa kuwa kinahitaji siku moja au zaidi kabla ya kuweza kuambukiza. Dawa ya minyoo kila miezi mitatu, chanjo ya kichaa cha mbwa kila mwaka. Usimpige wala kumfokea akileta panya. Hataunganisha kipigo na panya, ataunganisha na wewe.

Akimwachia tena panya mzima chumbani, mtoe paka nje kwanza, funga mlango. Laza gambuti kuukuu sakafuni, mdomo wake ukiwa umebana ukutani, halafu sukuma kwa ufagio kutoka upande wa pili wa kitanda. Panya hukimbia akiambaa ukuta, na akiona shimo jeusi anaingia. Simamisha gambuti, toka nalo nje mbali na nyumba. Vile viatu vyako vya kuvaa vitundike.