Kabla Hamjatangaza Kujitenga: Ushauri kwa Klabu Zinazotaka Mashindano Yao

Wiki iliyopita nilipokea ujumbe wa msomaji ambaye ni katibu wa klabu ya mbio za pikipiki. Anaeleza kwamba klabu zao zimechoshwa na chama kinachozisimamia, kwamba zawadi za msimu uliopita hazijalipwa, na kwamba wamekubaliana kumwandikia mwenyekiti barua ya kutangaza mashindano yao wenyewe. Anauliza kama barua hiyo iende kabla ya mkutano mkuu au baada yake. Ndugu yangu katibu, swali lako nitalijibu, lakini yapo mambo yanayotangulia tarehe ya barua, na ninayafahamu kwa sababu niliwahi kuwa msemaji wa muungano wa klabu za baiskeli uliofanya jambo hilohilo, na tukashinda.

Klabu zetu zilikuwa za Kanda ya Ziwa. Chama kilichotusimamia kilipandisha ada ya ushiriki mara mbili katika msimu mmoja bila kuitisha kikao, kikafuta zawadi za wanawake na za vijana, kisha kikatutaka tujisajili kwa msimu uliofuata kabla hakijatuonyesha kanuni. Wenzangu walinichagua kwa kuwa nilikuwa nimeisoma katiba ya chama chote, pamoja na viambatisho vyake. Vikao vyetu sitavisimulia, maana vilikuwa virefu na malalamiko yalikuwa yaleyale. Kilichotusaidia ni kwamba, kabla hatujaandika neno lolote kwa chama, nilikwenda polisi kitengo cha usalama barabarani kuulizia kibali cha kufunga barabara. Ofisa aliyenipokea hakutaka kusikia habari za ugomvi wetu. Aliuliza tumesajiliwa wapi, gari la wagonjwa litatoka hospitali gani, na nani atatia saini iwapo mwendesha baiskeli atagongwa. Nilikuwa na maneno mengi ya kumweleza kuhusu haki zetu, lakini kwa maswali yale sikuwa na jibu hata moja. Muda uliofuata tuliutumia kutafuta majibu hayo, na barua ya kujitenga tuliiandika mwisho kabisa.

Anayedhani kwamba haya ni mambo ya klabu ndogo tu na ayaangalie yaliyotokea katika mbio za magari za langalanga, yaani Formula 1, mwaka 2009. Rais wa FIA, shirikisho la kimataifa linalosimamia mbio za magari, Max Mosley, alitaka kuanzia msimu wa 2010 timu ziwekewe ukomo wa bajeti wa pauni milioni 40, na zile zitakazokubali zipewe uhuru mkubwa zaidi wa kiufundi kuliko zitakazokataa. Timu kubwa ziliona kwamba uwanja mmoja utakuwa na sheria mbili. Chini ya muungano wao uliojulikana kama FOTA, ulioongozwa na Luca di Montezemolo wa Ferrari, zilipinga. Ferrari ilikwenda mahakamani mjini Paris ikashindwa tarehe 20 Mei. Tarehe 18 Juni, baada ya kukutana katika makao ya timu ya Renault huko Enstone, timu nane zilitangaza kwamba zitaanzisha ubingwa wao: Ferrari, McLaren, BMW Sauber, Renault, Toyota, Red Bull, Toro Rosso na Brawn. Ilikuwa siku tatu kabla ya mbio za Uingereza pale Silverstone, wakati waandishi wa habari wote wa mchezo huo walikuwa mahali pamoja. Tarehe 24 Juni, mjini Paris, ukomo wa bajeti ulifutwa, ubingwa mbadala ukafutwa, na Mosley akakubali kutogombea tena.

Mosley hakuwa mgeni wa vitisho vya namna hiyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, timu nyingi za Uingereza chini ya Bernie Ecclestone zilipogombana na Jean-Marie Balestre, aliyeongoza chombo cha kusimamia mbio, Mosley ndiye aliyekuwa mwanasheria wa timu hizo. Walitangaza shirikisho lao la dunia, na tarehe 7 Februari 1981 wakaendesha mbio zao Kyalami, Afrika Kusini, bila Ferrari, Renault wala Alfa Romeo. Carlos Reutemann wa Williams alishinda, lakini ushindi ule haukuhesabiwa katika ubingwa. Goodyear, kampuni ya matairi, ilikuwa imekwisha kujiondoa, wadhamini walikuwa na wasiwasi, na timu hazikuwa na nguvu ya kuendelea hivyo kwa msimu mzima. Hata hivyo magari yalionekana yakikimbia, na Machi mwaka huohuo pande mbili zikatia saini Makubaliano ya Concorde, yaani mkataba kati ya timu na wasimamizi kuhusu namna ya kuendesha mchezo na kugawana mapato yake. Mimi huihesabu Kyalami kuwa funzo kubwa kuliko yote katika habari hizi, kwa sababu aliyewahi kutisha hujua kukagua kitisho cha mwenzake. Mwenyekiti wenu naye atawakagua. Atapiga simu kwa mdhamini wenu, atamuuliza mwenye uwanja, atawatafuta klabu moja baada ya nyingine usiku, na kama hamna kibali wala uwanja atajua kabla ya kufika mwisho wa barua.

Hapo ndipo ninapofika kwenye jambo linaloniuma mpaka leo. Mwaka 2009, Williams na Force India zilijisajili bila masharti, na wenzao wakazisimamisha uanachama wa FOTA. Ukitazama kwa haki, Williams haikuwa na kiwanda cha magari ya kuuza barabarani; kazi yake ilikuwa mbio, na bila mbio isingekuwa na mapato. Nalielewa jambo hilo, na nimewaeleza wengi. Lakini kwetu, jioni ya siku ya mwisho ya usajili, klabu mbili zililipa ada kimyakimya, na kiongozi wa mojawapo alikuwa ameketi kando yangu asubuhi ileile, akiandika kwa mkono wake orodha ya vituo vya maji vya mbio yetu ya kwanza. Daftari hilo ninalo, na mwandiko wake umo, hadi kituo cha mwisho penye mwembe karibu na daraja. Hakunipigia simu. Niliambiwa na mtu wa pembeni.

Kwa hiyo nakuambia, ndugu katibu, kaa na kila klabu peke yake, muulize kiongozi wake mbele ya mweka hazina wake kama wanaweza kukaa msimu mzima bila kushindana. Anayesita, mwondoeni katika barua kwa heshima na mapema, abaki rafiki. Viongozi wengi hukwepa swali hilo kwa sababu wanapenda orodha ndefu ya majina chini ya barua, na huo ni ubatili unaovunja miungano.

Mkishinda, nyamazeni. Baada ya suluhu ya Paris, maneno ya upande wa timu kwamba dikteta ameondoka yalimkasirisha Mosley kiasi cha kutishia kubadili msimamo wake, na makubaliano mapya hayakutiwa saini hadi tarehe 1 Agosti. Sisi chama kiliporudisha zawadi na kushusha ada, niliwaomba wenzangu wasiende redioni, nao wakanisikiliza. Ninajivunia hilo kuliko ada yenyewe.

Angalieni pia nani atalipa gharama ya suluhu yenu. BMW na Toyota, zilizotishia kuondoka zikaanzishe ubingwa wao, zote zilitangaza kuuacha mchezo kabla mwaka 2009 haujaisha. Timu mpya zilizoingia kwa kuamini ukomo wa pauni milioni 40 zilijikuta zikishindana na matajiri bila ukomo wowote. Moja, US F1, haikukimbia hata mbio moja, na nyingine, HRT, ilitoweka baada ya msimu wa 2012. Ukomo wa bajeti ulikuja kuanza mwaka 2021, ukiwa dola milioni 145. Katika klabu zenu wamo vijana wanaoanza, na mezani hawatakuwepo. Zawadi zao ziandikeni katika madai ya kwanza, si katika mengineyo.

Sasa swali lako. Pelekeni barua kabla ya mkutano mkuu, siku za kutosha ili iingie kwenye ajenda, na mhakikishe nakala inagongwa muhuri wa kupokelewa. Ada ya usajili msikatae kulipa. Jisajilini kwa masharti yaliyoandikwa, kama timu za FOTA zilivyofanya mwezi Mei kabla ya kutangaza kujitenga, ili tarehe ya mwisho ikipita chama kisiseme kwamba ninyi ndio mliojifuta.