Vumbi la lava halina huruma: kwa wanaoanza kufunga mizigo kwenye pikipiki hapa Goma

Kabla hujashika spana, chukua kitambaa cheupe kilicholowa, ukipitishe ubavuni mwa pikipiki iliyotoka Sake mchana wa jua. Halafu kisugue kitambaa hicho mara tatu juu ya sidii iliyokufa. Iinue kwenye mwanga. Ile michirizi unayoiona ndiyo itakayokuwa kwenye tangi la mteja wako ukifanya kazi hii kwa haraka.

Vumbi letu si udongo mtupu. Lava iliyoshuka kutoka volkano ya Nyiragongo tarehe 17 Januari 2002 ilipita katikati ya mji, na mpaka leo tunajengea mawe yake, tunayaponda kuwa changarawe, na matairi yanaendelea kuyasaga. Chembe zake ni ngumu kuliko vanishi ya pikipiki yoyote, yaani tabaka angavu lililo juu ya rangi, na vanishi yenyewe kwa kawaida ni nyembamba kuliko unywele mmoja. Kwa hiyo usimwamini anayekuambia sakoshi, yaani mfuko wa mizigo, ndiyo inayokula rangi. Sakoshi safi iliyotulia juu ya rangi safi haidhuru kitu. Rangi inaliwa na vumbi lililobanwa katikati, na mtikisiko wa barabara unalisaga. Vumbi hapa hutalimaliza. Mtikisiko unaweza kuupunguza, basi anzia hapo.

Mimi nilianza kinyume. Kazi yangu ya kwanza ya peke yangu ilikuwa pikipiki nyeupe, ndefu, ya mtu aliyekuwa anapita kwenda kusini. Nilijiona mjanja: nikakata mipira ya ndani ya tairi, nikafunga sakoshi mbili kwa vipande vyake, na pale zilipogusa plastiki ya nyuma nikaweka sponji ili zilale laini. Akaenda Minova akarudi kujaribu. Tulipofungua, sponji ilikuwa imenyonya vumbi kila upande ikageuka msasa, na imekwangua doa lisilong'aa, kubwa kama kiganja. Mpira nao uliacha mistari ya kahawia kwenye ule weupe. Nikaosha kwa sabuni, nikasugua kwa petroli, haikutoka, kwa sababu mafuta ya mpira yalikwisha kuingia ndani ya rangi. Mzee wangu wa garaji hakunigombeza. Alimwita fundi wa rangi, kisha akakata pesa hiyo kwenye malipo yangu ya wiki mbili.

Tangu siku hiyo sponji hukaa kwenye viti tu. Mpira wa ndani bado ninautumia, maana hakuna kamba inayobana kama ule, lakini unafunga chuma kwa chuma, haugusi rangi.

Sasa keria. Sakoshi isiegemee mwili wa pikipiki hata kidogo. Iegemee bomba la chuma lililofungwa kwenye fremu, na kati ya bomba na plastiki pabaki nafasi ya vidole viwili. Ukimpeleka mtu wa kuchomelea, ng'oa keria umpelekee mkononi. Akichomelea ikiwa juu ya pikipiki, cheche zinauma rangi na kioo cha taa, na betri usipoitenganisha unaweza kuunguza mitambo ya umeme. Boliti ziwe na nati zenye nailoni ndani, au tone la gundi ya kushika nyuzi za boliti. Kisha fanya jaribio moja: shika sakoshi iliyojaa, uitikise kwa nguvu. Pikipiki nzima ikiyumba, umefunga vizuri. Sakoshi ikiyumba peke yake, rudia. Na mwambie mteja akaze tena boliti zote baada ya kilomita hamsini za kwanza, kwa sababu rangi ya keria mpya hubonyea chini ya washa, ile pete ya boliti, na nati inalegea. Upande wa ekzosi usipime kwa macho. Washa injini, ipate moto kabisa, halafu weka mkono pale sakoshi itakapokaa. Mkono ukishindwa, hapo ni moto mno kwa sakoshi.

Baada ya kuzuia mtikisiko, ndipo filimu ya kulinda rangi, ile plastiki nyembamba ya kubandika, ina maana. Wengi huanza nayo kwa sababu inaonekana ni kazi ya kisasa. Usifunike pikipiki nzima, ni kupoteza pesa ya mtu. Funika ubavu wa nyuma, mahali magoti yanapobana tangi, na kila njia ya mkanda. Mwaga maji mengi kwanza, vumbi liondoke lenyewe bila kuguswa; kisha sabuni, kisha spiriti ya kuondoa mafuta. Kata filimu kwa pembe za mviringo, maana pembe kali ndiyo inayoinuka kwanza. Nyunyiza maji yenye sabuni kidogo, ilaze, sukuma maji kutoka katikati kwenda nje kwa kipande cha plastiki laini, na penye kona tumia mashine ya kukaushia nywele. Isioshwe kwa siku mbili. Usiikatie juu ya pikipiki, kisu kitaandika jina lako kwenye vanishi. Kwa rangi isiyong'aa, weka filimu isiyong'aa, na usiipake nta wala dawa ya kung'arisha.

Sakoshi ya tangi yenye sumaku naikataa kabisa hapa kwetu. Mchanga mweusi wa lava una madini ya chuma. Mtu akiiweka chini dakika moja anunue ndizi, inaota ndevu, na ndevu hizo anazirudisha juu ya tangi. Atafute ya mikanda.

Kuhusu uzito, wateja hawapendi kuhesabu, basi hesabu wewe mbele yao. Pikipiki yenye uwezo wa kubeba kilo 180: dereva 80, abiria 60, keria na masanduku matupu 15. Zimebaki 25, na vyombo vya kupikia bado hujavihesabu. Vizito vikae chini na karibu na kiti cha dereva. Sanduku la juu nyuma ni la koti la mvua na mkate. Ukitaka mwalimu, nenda katazame watu wa chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kusukuma, wakipakia magunia: hakuna anayeweka gunia la viazi nyuma ya gurudumu la nyuma. Ukishapakia, ongeza presha ya tairi la nyuma kama kitabu cha pikipiki kinavyosema, kaza springi ya shoki, angalia ulegevu wa mnyororo dereva akiwa amekaa, na shusha taa ya mbele, maana mkia ukizama taa inamulika miembe.

Mvua inayopita kwenye moshi wa volkano ina asidi, kwa hiyo madoa yake yasilale usiku.

Na kama mteja anakwepa zile kilomita kama 200 za barabara kwenda Bukavu, akaamua kupanda boti ya Ziwa Kivu, nenda naye bandarini. Mabaharia wanafunga haraka, na kamba zao zimeburutwa kwenye mchanga miaka yote. Watazipitisha juu ya tangi ukitazama pembeni. Wasalimie vizuri, wape mikanda yako mwenyewe, waonyeshe fremu na vikanyagio vya miguu kuwa ndipo pa kufungia, na sakoshi zing'olewe ziwekwe ndani. Akifika ng'ambo, amwage maji kwanza kabla ya kufuta chochote, hata kama mwenyewe amelowa na ana njaa.